Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mapengo ya Richmond na Vijana wa Drafti ya 2024

Ndugu wanachama,

Msimu wa 2024 Richmond, klabu yetu ya Melbourne katika AFL, ligi kuu ya soka la Kiaustralia, ilishika mkia. Michezo 23, ushindi 2. Anayetaka kujifariji akumbuke Jumapili ya Pasaka pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, tulipowafunga Sydney kwa tofauti ya alama 5, Sydney hao hao waliomaliza msimu wa kawaida wakiwa kileleni. Mengine ya uwanjani mliyaona wenyewe na hayahitaji kurudiwa. Kazi kubwa ya chama chetu cha mashabiki mwaka huu, kuwatazama na kuwapima vijana, ilifanyika kwenye viwanja vya vijana, asubuhi za baridi, na ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya taarifa hii.

Nianze na mapengo, maana bila kuyajua, kumpima kijana ni kupiga ramli. Dustin Martin alicheza mchezo wake wa 300 mwezi Juni, MCG ikifurika watu zaidi ya 92,000, na miezi miwili baadaye akatundika viatu. Dylan Grimes naye alistaafu, Marlion Pickett pia. Mwaka mmoja kabla yao walikuwa wameondoka Trent Cotchin na Jack Riewoldt. Kisha dirisha la uhamisho likafunguliwa: Shai Bolton akaenda Fremantle, Daniel Rioli akaenda Gold Coast, Liam Baker na Jack Graham wakaenda West Coast. Waliobeba vikombe vya 2017, 2019 na 2020 wamebaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Pale mbele yuko Tom Lynch, aliyetimiza miaka 32 mwezi Oktoba, na miguu yake tunaijua. Nyuma, Josh Gibcus aliyekuwa akiandaliwa kushika nafasi ya beki wa kati aliumia goti mwanzoni kabisa mwa msimu.

Lakini kuondoka kwa watu hao kulileta kitu. Mchezaji akihama chini ya mkataba, klabu inayomchukua hulipa kwa nafasi za drafti, na sisi tukaingia Novemba tukiwa na nafasi nyingi za juu kuliko nilivyowahi kuona kwa klabu yetu. Kwa wanachama wapya: drafti ndiyo mlango mkuu wa kuingilia ligi tangu 1986. Timu iliyomaliza mwisho huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na kijana lazima awe ametimiza au atatimiza miaka 18 ndani ya mwaka huo. Huwezi kumsajili kijana wa jirani kwa sababu unamjua baba yake, isipokuwa baba huyo awe aliichezea klabu hiyo michezo 100.

Sasa niingie kwenye ubishi wetu, ambao najua baadhi yenu bado hamjaumaliza.

Kundi letu la tathmini, yaani wanachama wanaowatazama vijana na kujaza fomu za kuwapima, liligawanyika mapema. Upande mmoja ulisema: tazama timu ilipo na pengo, mtafute kijana wa pengo hilo. Lynch anazeeka, basi namba 1, yaani kijana wa kwanza kuchaguliwa, awe mshambuliaji mrefu. Upande wa pili ulisema: namba 1 mpe kijana bora kuliko wote, hata kama nafasi yake imejaa, mapengo yatazibwa na namba za chini. Nimesikiliza pande zote mbili kwa heshima, na kama mwenyekiti nilijizuia kusema hadi usiku wa drafti upite. Sasa nasema. Niko na upande wa pili kwa zile namba chache za mwanzo, na sababu yangu ni muda. Mzazi anayenunua sare ya shule hapimi mwili wa leo, anapima wa mwaka kesho. Mshambuliaji mrefu wa miaka 18 anahitaji misimu mitatu, minne, mara nyingine mitano, ndipo awe na kifua cha kusukumana na mabeki wenye miaka 27. Pengo unaloliona Agosti mwaka huu, siku kijana huyo anapokomaa, limeshahamia kwingine. Kiungo mwenye kipaji huingia timu ya kwanza mapema zaidi, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi kidogo.

Na historia yetu wenyewe inauma hapa. Drafti ya 2004 Richmond ilikuwa na namba 1 na namba 4. Namba 1 alikuwa Brett Deledio, na hakuna aliyelalamika. Namba 4 tukamchukua Richard Tambling. Namba 5 Hawthorn wakamchukua Lance Franklin, ambaye alimaliza kazi akiwa na magoli 1,066. Tambling alicheza michezo zaidi ya 100 kwetu na hastahili matusi aliyotukanwa miaka yote. Hakujichagua. Ila kila ninapowasikia watu wakisema kwa uhakika kijana fulani "hawezi kukosea", nawakumbusha kwamba wataalamu wanaolipwa mishahara walikaa na majina yote mawili mezani. Ukitaka mfano wa kinyume, Lachie Neale alisubiri hadi namba 58 mwaka 2011, kisha akachukua Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili, 2020 na 2023. James Hird, nyota wa Essendon, alikuwa namba 79.

Klabu ilifanya nini Novemba 20 na 21? Ilichukua vijana wanane, sita kati yao ndani ya namba 23 za mwanzo. Sam Lalor namba 1, kiungo kutoka Bacchus Marsh aliyelelewa na timu ya vijana ya GWV Rebels. Wengi wetu tuliokuwa tukimtazama tulimpenda tangu mwanzo: ana mwili wa mtu mzima, akiushika mpira hung'ang'aniwa na watu wawili na bado mkono wa kupasia uko huru, na ukimpeleka mbele anadaka. Kulinganishwa kwake na Dustin Martin kumeanza, na naomba tukuache. Majeraha yalimkatia sehemu ya msimu wake wa mwisho wa vijana, kwa hiyo waliompendelea Jagga Smith au Finn O'Sullivan walikuwa na hoja. Smith alikwenda Carlton namba 3, O'Sullivan alikwenda North Melbourne namba 2, na tutawatazama kwa jicho la wivu miaka kumi ijayo.

Josh Smillie, namba 7, ni kiungo mrefu kupita kawaida, zaidi ya sentimita 190, kutoka timu ya vijana ya Eastern Ranges. Taj Hotton, namba 12, hakucheza 2024 kwa sababu ya goti. Hili liligusa kundi letu, maana fomu zetu hazikuwa na cha kuandika. Unampimaje mtu aliyekaa nje mwaka mzima? Klabu ilirudi kwenye picha za 2023 na kwenye ripoti za madaktari, sisi hatuna hata moja ya hizo za pili. Jonty Faull, namba 14, Harry Armstrong, namba 23, na Tom Sims, namba 28, wote ni washambuliaji warefu. Hapo ndipo pengo la Lynch lilipojibiwa: watatu kwa mpigo, wakijua kwamba mmoja akikomaa vizuri hesabu imelipa. Luke Trainor, namba 21, ni beki mrefu mwenye mguu safi ambaye huenda angeondoka mapema zaidi kama si mitikisiko ya ubongo iliyomsumbua. Jasper Alger, namba 58, ni mshambuliaji mdogo wa kukimbiza mabeki.

Mtaona basi kwamba klabu ilifuata njia zote mbili: kipaji kwanza, pengo baadaye. Ila sioni raki wa kweli humo, yaani yule mrefu wa kuruka kugombea mpira unaporushwa juu, wa kumrithi Toby Nankervis, na hilo naliweka wazi kama shaka yangu. Sims anaweza kusaidia kuruka, lakini kusaidia si kubeba.

Kuhusu fomu zetu. Mwanzoni mwa mwaka kundi lilikuwa likiweka uzito mkubwa kwenye vipimo vya mwili wanavyofanyiwa vijana Oktoba, kabla ya drafti: mbio za mita 20, mbio za kilomita 2, kuruka juu kutoka pale ulipo, urefu, urefu wa mikono. Namba hizo ni tamu kwa sababu zinapangika. Zinasema kijana ana injini gani. Hazisemi anafanya nini mpira ukiwa chini, mvua inanyesha na timu yake imeachwa kwa magoli matano. Mmoja wa wazee wetu, aliyewahi kufundisha soka Mombasa kabla ya kuhamia huku, alipendekeza tuandike jambo moja tu kwa kila robo ya mchezo: kijana alifanya nini mara tu baada ya kukosea. Tulipoanza kuandika hivyo, karatasi zetu zilibadilika kabisa. Kuna kijana aliyekuwa juu kwenye orodha yetu ambaye kila akipoteza mpira alisimama na kuinua mikono kwa mwamuzi. Kuna mwingine, wa chini, ambaye alikuwa amekwisha mfikia adui yake kabla mikono ya yule wa kwanza haijashuka. Napendekeza jambo hili libaki kwenye fomu ya mwaka ujao, na swali la mguu wa pili liongezwe: je, anapiga kwa mguu wake dhaifu akibanwa, au anajizungusha hadi anakabwa?

Kuna jambo la wazazi. Wengi wenu mna vijana wanaocheza kwenye klabu za mitaa ya magharibi na kule Dandenong, na swali linalonifikia kila mwezi ni lile la akademi za klabu za AFL. Akademi hizo zilianzishwa 2016 kwa ajili ya vijana wa asili ya Australia na vijana wa familia zilizotoka nje, zikiwemo za Afrika. Eneo unaloishi ndilo linaloamua kijana wako ataangukia akademi ya klabu ipi, si timu mnayoishangilia nyumbani. Klabu yenye akademi ina haki ya kumchukua kijana wake hata klabu nyingine ikimtaja siku ya drafti, kwa kulipa pointi zinazotokana na nafasi zake za kuchagua. Kwa muda haki hiyo ilibanwa. Mac Andrew, kijana wa wazazi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akademi ya Melbourne, alichukuliwa na Gold Coast namba 5 mwaka 2021, na Melbourne hawakuruhusiwa kumzuia kwa sababu alitajwa ndani ya namba 20 za mwanzo. Kufikia drafti ya 2024 mlango ulikuwa umefunguliwa tena, na ndiyo maana Essendon waliweza kumpata Isaac Kako wa akademi yao akiwa namba 13. Sheria hizi hubadilika karibu kila mwaka. Mzazi asipange maisha ya mtoto juu yake.

Kwa kijana mwenyewe, simulizi ninayopenda kuirudia ni ya Aliir Aliir. Alizaliwa Kakuma, Kenya, mwaka 1994, akaletwa Australia akiwa mtoto, akaujua mchezo huu akiwa amechelewa kuliko wenzake. Sydney walimchukua namba 44 mwaka 2013. Alisubiri hadi 2016 kucheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, akatajwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima (All-Australian), akiwa beki. Miaka minane tangu siku ya drafti. Skauti aliyeandika jina lake 2013 alikuwa akiona jambo ambalo kipimo cha mita 20 hakiwezi kulionyesha, na klabu iliyomtaka azibe pengo la mwaka 2014 ingemfukuza kabla ya chakula kuiva.

Sasa mambo ya ndani, kwa ufupi.

Kamati imeamua kwamba karatasi za tathmini zisitumwe tena kwenye kundi la WhatsApp. Mwezi Julai maneno makali juu ya kijana wa miaka 17 yalitoka kwenye kundi letu yakamfikia mama yake, ambaye tunasali naye msikiti mmoja. Hawa ni watoto wa watu. Karatasi zitakaa kwa katibu, atakayetaka kuzisoma aje azisome, na majina hayatatajwa hadharani hadi kijana awe amechukuliwa na klabu.

Mfuko wa nauli za waangalizi umesaidia wanachama wasio na magari kufika viwanja vya mbali, na mweka hazina atasoma hesabu zake baada yangu. Nawashukuru waliochangia, hasa ndugu zetu Wakongo wa Geelong waliochanga bila kuombwa. Safari za Ballarat zimekula sehemu kubwa ya fedha hizo, na huenda mkauliza kama zilistahili. Mimi nasema ndiyo, kwa sababu huko ndiko tulikomwona Lalor akicheza mbele ya mashabiki wachache waliojifunika mablanketi.

Nafasi ya mratibu wa kundi la tathmini iko wazi, kwa kuwa aliyekuwa nayo amehamia Perth kikazi. Majina yakabidhiwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu kuanza. Sharti ni moja: awe mtu anayeweza kutoka nyumbani alfajiri ya Jumamosi kuanzia Aprili hadi Septemba. Mwaka ujao kazi yake ya kwanza ni orodha ya maraki, na niko tayari kumkabidhi majina niliyoanza kuyaandika mwenyewe.

Mwenyekiti