Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka. Mihadhara ya kila mwezi iliendelea hapa Cairo, darasa la hieroglifi liliendelea, futari ya pamoja ilifana. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Linalohitaji maelezo ni safari ya Luxor. Yamesemwa mengi: kwamba mwenyekiti aliwanyima wanachama siku ya pili Karnak, kwenye mahekalu ya mawe, akawapeleka jangwani kutazama udongo. Wazo lilikuwa langu, kamati ililiridhia, na nalisimamia hadi leo.

Tulikokwenda ni Malkata, jumba la farao Amenhotep III, aliyetawala miaka 38 katika karne ya 14 KK. Hapo alisherehekea jubilei zake, katika mwaka wa 30, wa 34 na wa 37 wa utawala wake. Miaka hiyo inajulikana kwa sababu vigae vya mitungi zaidi ya 1,000 vimeokotwa pale vikiwa na maandishi ya wino: mvinyo, nyama au mafuta, ya mwaka gani, yameletwa na nani. Ni hekalu gani la mawe litakalokueleza wageni wa mfalme walikula nini? Mawe yalikuwa ya miungu na ya wafu. Mfalme aliye hai, pamoja na malkia wake Tiye, aliishi ndani ya kuta za matofali mabichi, zilizopigwa lipu na kuchorwa. Dari ya chumba chake cha kulala ilijaa tumbusi waliotandaza mbawa, na sakafu nyingine zilichorwa bata na samaki. Vipande vya michoro hiyo viko New York, kwa kuwa Makumbusho ya Metropolitan yalichimba pale kati ya 1910 na 1920.

Wanaosema hapakuwa na cha kutazama hawakukubali kuongozana nami hadi Birket Habu. Vile vilima ni kifusi cha bwawa alilochimbisha mfalme huyo, urefu wake kiasi cha kilomita 2, na bado vinaonekana. Karnak itatungoja. Matofali mabichi yanaliwa na upepo na chumvi kila mwaka, ndiyo maana niliharakisha.

Nasikitika kusema kwamba mhadhara wa maandalizi, nilioutoa mwenyewe kwa projekta yangu, ulihudhuriwa na watu 9. Wengi wa wanaolalamika hawakufika. Daftarini tuko 58. Waliolipa ada ni 23. Akiba ni pauni 6,400, na ukumbi unatudai 3,000. Mkutano huu wenyewe umechelewa kwa kukosa akidi. Chama hakiendeshwi kwa manung'uniko ya kwenye simu.

Mwakani, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, tunatarajia kwenda Amarna, alikojenga Akhenaten, mwana wa mfalme huyu. Tarehe itatangazwa. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya kuondoka ukumbini.

Mwenyekiti