Risala ya Wenye Kipandauso na Maumivu Sugu kwa Mgeni Rasmi, Juni 21

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mwalimu Mkuu uliyetuazima uwanja na miembe yake,
Viongozi wa dini, wauguzi, wanakikundi, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Kwetu hilo si neno la kufungulia risala tu. Wenzetu watatu walikuwa wamepiga pasi nguo za leo tangu juzi, na asubuhi hii wameshindwa kunyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Wamelala, pazia limefungwa. Tumewaahidi nakala ya maneno haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba radhi kwa mapokezi. Hukupigiwa ngoma wala vigelegele, na kipaza sauti alichotuletea Ndugu Mwenyekiti kimebaki garini. Uliposhuka ukaona watu wanapunga vitambaa kimyakimya, huenda ulidhani umeletwa msibani. Hatuna ugomvi na ngoma. Ila kelele, jua kali, manukato na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ni vitu vinavyoweza kumwamshia mwenzetu kichwa akalala siku mbili. Ndiyo maana tumekaa kivulini, na chakula kinapikwa nyumba ya nne kutoka hapa. Ndiyo maana pia tumevaa miwani ya jua, mpaka watoto wa mtaa wanatuita wale wa miwani. Miwani ya leo ina sababu ya ziada: kila Juni 21 watu wa nchi mbalimbali huivaa kuwaunga mkono wenye kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi kila mara.

Nianze na historia yetu, ambayo ni fupi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kwa miaka mingi kichwa kilikuwa kikinishika upande wa kushoto, kinagonga kama mtu anayetwanga kisamvu, natapika, mwanga wa dirisha unanichoma macho. Nikienda kutibiwa napimwa malaria. Kupimwa ni sawa kabisa, kwa sababu malaria nayo inaumiza kichwa. Neno liko baada ya kipimo. Kikisema hakuna vimelea, mara nyingine nilipewa dawa ya malaria hivyo hivyo, na mara nyingine niliambiwa, "Mwalimu, huna ugonjwa, punguza mawazo." Nikirudi kazini naonekana ninatega. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alinichanja chale kwenye paji la uso kwa nia njema, na alama zake ziko hapa mkiangalia vizuri.

Muuguzi mmoja, ambaye amekaa nyuma pale na amenikataza kumtaja, alinipa daftari la mistari. Akaniambia, "Usinieleze. Andika." Tarehe, saa kilipoanza, upande gani, nilikula nini, nililala saa ngapi, hedhi ilikuwa lini, na kila kidonge nilichomeza. Baada ya miezi miwili tukakaa kuhesabu. Katika mwezi mmoja nilikuwa nimemeza dawa za maumivu siku 22.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni daktari na hili unalijua, lakini naomba uniruhusu niliseme kwa ajili ya waliokaa hapa. Mtu mwenye kipandauso akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kukifuga kichwa. Kwa zile za mchanganyiko, na zile za jamii ya kasumba, siku 10 zinatosha. Mimi nilikuwa nanunua dukani kama ninavyonunua chumvi, na muuza duka hakuniuliza. Kuziacha kulikuwa kugumu. Wiki ya kwanza kichwa kilizidi, nikamtukana muuguzi wangu kimoyomoyo. Leo siku zangu za kuumwa kwa mwezi ni sita, zikizidi sana ni saba.

Daftari hilo ndilo lililozaa kikundi. Mama lishe wa stendi aliliona mezani kwangu akaomba nimchoree mistari kwenye lake. Akaja fundi cherehani mwenye mgongo unaouma tangu alipopata ajali ya bodaboda, kisha kijana wa selimundu ambaye maumivu ameyajua kabla ya kujua kusoma. Tukajikuta tumekuwa wengi, na maradhi yetu si ya aina moja. Kilichotukusanya ni kwamba kila mmoja alikuwa amewahi kuambiwa hana kitu.

Kuna msemo wetu kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tumeambiwa hivyo mara nyingi kwa huruma, yaani wewe umia tu, sisi hatuwezi kujua. Kikundi hiki, kwa heshima zote, kinaupinga msemo huo. Wapo watu waliotumia maisha yao kuhakikisha aliye nje ya kaburi naye anajua, na tungependa uwasikie hapa kwetu, chini ya miembe hii.

Wa kwanza ni John Bonica. Alizaliwa kisiwani Italia, akahamia Marekani akiwa mtoto, na akajilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka akiwa amevaa kinyago. Mieleka ilimwachia maumivu ya maisha yake yote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitibu askari ambao jeraha limefunga na maumivu yamebaki, akaona kwamba daktari mmoja peke yake hawezi kuyamudu: anahitajika wa mishipa ya fahamu, wa mifupa, wa akili, wote meza moja. Mwaka 1973 aliwakusanya wataalamu karibu na Seattle, na mkutano huo ndio uliozaa jumuiya ya kimataifa ya utafiti wa maumivu. Jumuiya hiyo ilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, iliweka na maelezo kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Tumeyaandika maneno hayo kwa chaki kwenye ubao wa darasa tunamokutania. Kila Jumatatu mwalimu wa zamu anayafuta, kila Jumamosi tunayaandika tena.

Kwa upande wa kipandauso wenyewe, hadi mwaka 1988 madaktari wa dunia hawakuwa na orodha moja ya kuita vichwa kwa majina. Jes Olesen wa Denmaki aliongoza kamati iliyoitunga. Mwaka 1990 watafiti Peter Goadsby na Lars Edvinsson wakachukua damu ya shingoni kwa watu ambao kichwa kilikuwa kimewashika saa hiyo hiyo, wakakuta kemikali moja imepanda, ile inayoitwa kwa herufi CGRP. Fikirini hapo: mtu anatapika, hataki hata mlango ufunguliwe, na anakubali kuchomwa sindano ya shingo ili wengine wajue. Majina ya wagonjwa wale hatuyajui. Mimi hao ndio ninaowaita wataalamu wakubwa kuliko wote. Kutokana na damu yao, miaka 28 baadaye, mwaka 2018, zilipitishwa Marekani dawa za kwanza za kingamwili zilizotengenezwa mahususi kuzuia kipandauso, kwa kuibana kemikali hiyo isifanye kazi yake. Mwaka 2021 Olesen, Goadsby, Edvinsson na mtafiti mwenzao Michael Moskowitz walipewa kwa pamoja Tuzo ya Ubongo huko Denmaki.

Na hapa nyumbani tusijidharau. Profesa William Matuja wa Muhimbili alikuwa akiandika kuhusu vichwa vya Watanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wengi wakidhani kipandauso ni ugonjwa wa Wazungu wenye ofisi. Baadaye yeye na wenzake, akiwemo Andrea Winkler, walishiriki utafiti wa vijijini eneo la Haydom, watu wakaulizwa nyumba hadi nyumba. Hawakuwangoja hospitalini, kwa sababu mwenye kichwa haendi hospitali, anajifungia. Na lugha yetu nayo ilikuwa imeshafanya kazi yake. Neno la Wazungu, migraine, lina asili ya Kigiriki, maana yake nusu ya fuvu. Waswahili walisema kipandauso. Aliyelitunga neno hilo, bila shaka ulishampanda.

Niseme kidogo kuhusu Uganda, ingawa habari yake ni ya maumivu ya saratani na wagonjwa mahututi, si ya kipandauso. Dkt. Anne Merriman alianzisha huko huduma ya hospisi mwaka 1993, na mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ikawa inachanganywa kwa gharama ndogo kutokana na unga wa dawa hiyo. Dawa ikawepo, lakini madaktari wa kuiandika vijijini hawakuwepo. Watetezi wakaidai sheria, na mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuiandika. Mofini hatuitaki kwa kichwa, itatuharibu. Tunachokitamani ni ule ung'ang'anizi.

Huko Marekani, tangu mwaka 2007, wagonjwa wa vichwa huongozana na madaktari wao hadi Washington kuzungumza na wabunge. Sisi Washington hatuna, na nauli ya Dodoma nayo ni mtihani. Tumeanzia tunapofika kwa miguu. Tumezungumza na walimu wa shule tatu kuhusu mtoto anayeomba kulaza kichwa mezani, kwamba asichapwe kabla hajaulizwa. Tumepata dakika 10 baada ya sala ya Ijumaa na dakika 10 baada ya misa ya pili. Tunafundisha pia vichwa ambavyo si vya kusubiri: kinacholipuka ghafla kwa nguvu isiyowahi kuonekana, chenye homa na shingo kukakamaa, kinachokuja na upande wa mwili kulegea, kinachoanza kwa mara ya kwanza mtu akiwa ameshapita miaka 50. Hao tunawaambia waende hospitali leo, waliache daftari nyumbani. Na wanawake wanaoona vimulimuli na mistari ya kukatikakatika kabla kichwa hakijaanza, tunawaambia wamweleze mtoa huduma kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, maana kwao vinaongeza hatari ya kiharusi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni zile unazozitarajia, ya fedha ikiwa mbele. Sumatriptani, dawa inayokata kichwa kikiwa kimeanza, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini sisi tunaipata famasia za mjini tu, na mama lishe wetu akipiga hesabu ya kidonge kimoja anaona bora alale. Zile kingamwili za mwaka 2018 tumeziona kwenye picha. Ila propranololi, dawa ya zamani na ya bei nafuu, imo katika orodha hiyo hiyo kwa ajili ya kuzuia kipandauso. Si ya kila mtu, mwenye pumu hapewi, lakini kwa wengi wetu ingetosha. Na amitriptilini kidogo ya usiku imewasaidia wenzetu wawili, mmoja wao akiwa yule fundi, pamoja na kwamba mkewe alitaka kuitupa aliposikia ni dawa ya sonona.

Changamoto iliyo ngumu kuliko bei ni ya kutohesabiwa. Tathmini ya dunia ya mzigo wa magonjwa ya mwaka 2019 iliweka kipandauso nafasi ya pili kati ya visababishi vya watu kuishi na ulemavu, na nafasi ya kwanza kwa wanawake vijana. Wanawake vijana ndio walimu, wauguzi, mama lishe na wanafunzi wa wilaya hii. Lakini nilipopitia kadi zangu zote za matibabu kabla ya kukutana na yule muuguzi, neno kipandauso halikuwemo hata mara moja. Kuna malaria, kuna presha, kuna "kichwa" bila maelezo, kuna U.T.I. ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za wagonjwa wa kituo, kinajazwa kutokana na kadi kama zangu. Kama kwenye kadi sikuandikwa, kwenye kitabu sipo, na bajeti inayopangwa kwa kitabu hicho haiwezi kunikumbuka.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Tunaomba waganga na wauguzi wa zahanati zetu wapate mafunzo, hata ya siku moja, ya kuuliza maswali ya kichwa na kukiita kwa jina lake kwenye rejista pale wanapokitambua. Yule muuguzi wetu amekubali kusaidia kufundisha, bila posho, ingawa akipewa ya nauli hatakataa. Tunaomba propranololi isikosekane zahanati. Tunaomba wauza maduka ya dawa muhimu wakumbushwe kumuuliza mteja swali moja tu: wiki hii umenunua mara ngapi? Na kama kuna chumba chochote cha zahanati chenye kitanda na dirisha linaloweza kuzibwa, tunaomba mgonjwa wa kichwa asubirie humo badala ya kwenye benchi la jua.

Hatuna zawadi ya vitenge. Tunakukabidhi madaftari mawili. Moja ni tupu, tumelichora mistari wenyewe, ulione lilivyo rahisi. La pili limejaa, ni la mama lishe wetu, na ameridhia ulisome. Ukifika mwezi Machi utakuta tarehe 9, 10 na 11 hazina kitu. Usidhani alisahau. Siku hizo hakuweza kushika kalamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.