Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Nani Analala Muyenga?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha Kiswahili hapa Muyenga, Kampala, wazee wetu, akina mama na vijana, salaam.

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati ichore sura ya mtaa wetu: nani anakaa hapa, katoka wapi, anaishi vipi. Kazi hiyo ndiyo iliyokula mwaka, kwa hiyo nitaanza nayo, na mengine nitayagusa tu.

Tulianza vibaya, na kosa lilikuwa langu. Fomu ya kwanza niliiandika mimi. Iliuliza jina la mwenye nyumba, uraia wake, kazi yake, idadi ya watoto na magari. Tulizunguka nayo lango kwa lango na majibu yakarudi yakipendeza: wafanyabiashara, madaktari, mawakili, maofisa wastaafu, watumishi wa mashirika ya kimataifa ambao kodi yao ya nyumba huhesabiwa kwa dola. Lakini aliyetufungulia lango, katika kila nyumba, hakuwa na mahali pa kuandikwa.

Mwezi Mei sensa ya taifa ikatusahihisha. Karani hakuuliza hati ya kiwanja iko kwa nani. Aliuliza nani alilala hapa usiku wa tarehe 9. Kwa swali hilo nchi ilipata watu milioni 45.9, na Kampala karibu milioni 1.8. Nasi tukaichana fomu yetu, tukaandika nyingine yenye swali moja juu kabisa: jana usiku walilala nani humu?

Sura ikabadilika. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vyumba vya uani, na humo wanalala dada wa kazi, mtunza bustani, dereva, askari wawili wa lango wanaopokezana zamu. Tuliingia nyumba ya mama mmoja mjane ambaye watoto wake wote wako ng'ambo. Kwenye fomu ya kwanza alikuwa mkazi mmoja. Kwenye ya pili walikuwa sita, na yeye mwenyewe ndiye aliyesisitiza tuwaandike wote kwa majina, kwa sababu, alisema, akiugua usiku hao ndio watakaomwinua.

Kuhusu tulikotoka, mlima huu ni kitabu cha historia ya eneo letu. Wapo majirani wa asili ya Kihindi ambao wazazi wao walipewa siku 90 kuondoka mwaka 1972, wakarudi miaka ya 1990 kuanza upya. Wapo Wakongo waliokimbia vita tangu 1996, na familia za Sudan Kusini zilizoongezeka baada ya mapigano ya Desemba 2013. Waethiopia na Waeritrea wameifanya Kabalagala, hapo chini, inukie kahawa ya kukaangwa. Ongeza Wakenya, Watanzania, Warundi, na ndugu zetu wa kila pembe ya Uganda.

Watu hawa wanazungumzaje? Kiingereza sebuleni, Kiluganda dukani, na Kiswahili langoni. Askari wa lango aliyetoka Teso, Acholi au West Nile, mashariki na kaskazini mwa Uganda, akikutana na mama wa Bukavu, Kongo, hawana lugha nyingine ya kupeana habari. Najua wazee wetu wengi wa Buganda wana kovu: walikisikia Kiswahili kikitoka kwa wanajeshi wenye bunduki, na wengine mpaka leo wanakiita lugha ya wezi. Siwalaumu. Nawaomba tu waje wasimame langoni asubuhi moja, wasikie kinavyotumika kuulizia hali ya mtoto mgonjwa. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Hapa mlimani kilishaanza kazi bila kungoja waraka.

Jambo la maji limeniuma zaidi. Maji ya Ziwa Victoria husafishwa Ggaba, kando ya ziwa, hupandishwa hadi kwenye matangi yaliyoupa mlima wetu jina la Tank Hill, kisha huteremka mjini kwa uzito wake yenyewe. Na sisi pia tunateremsha maji. Tumesakafia nyua zetu kwa vigae na zege, mteremko ni mkali, barabara ni nyembamba na hazina mitaro ya kutosha. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuzama ardhini. Yanakimbia mpaka Namuwongo, bondeni, na kuingia kwenye nyumba za watu. Watu hao hao asubuhi wanapanda kwa miguu kuja kutufulia na kutupikia. Sisemi haya kumsuta mtu, kwani uwanja wangu nao ulikuwa zege tupu. Nimeng'oa nusu nikapanda nyasi, na nimeweka tangi la kukinga maji ya paa. Kamati inaomba kila mwanachama afanye walau moja kati ya hayo kabla ya mvua za Machi.

Hesabu atazisoma mhazini. Sherehe ya Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, ilikwenda vizuri. Mishikaki ilikaa meza moja na matoke na injera, mkate wa Kiethiopia, na watoto walikariri mashairi.

Limebaki pendekezo moja. Katiba yetu inasema mwanachama ni mwenye nyumba au mpangaji mkuu. Kamati inaomba isomeke: yeyote anayelala mtaani hapa na kuzungumza Kiswahili, naye alipe ada kwa uwezo wake. Baadhi yenu mmenipigia simu kuuliza mfanyakazi atasemaje mbele ya mwajiri wake. Swali hilo ni la haki, na ndiyo maana tunapendekeza pia kikao chao wenyewe, Jumapili alasiri, chenye wajumbe wawili watakaoingia kwenye kamati kwa kura zao.

Kura itapigwa kabla ya chakula. Nimewaomba askari na madereva walioko nje waingie ukumbini wausikilize mjadala. Magari yatalindwa na wanakamati kwa zamu, na zamu ya kwanza ni yangu, mara tu nikiweka chini karatasi hizi.

Mwenyekiti