Shukrani kwa mama wa zamu ya usiku, Hospitali ya Ligula

Shikamoo mama. Jina lako sikulishika, wala hukujitaja, lakini sisi tuliokuja wodini kwa mafunzo ya uhudumu wa afya hapo Mtwara tunakukumbuka mno.

Darasani tulishasoma kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, asije akachubuka mgongoni na kwenye nyonga. Wewe ulituonyesha namna. Unamsalimia kwanza, unamwambia unachotaka kufanya, unavuta pazia, ndipo unamshika begani na nyongani na kumgeuza taratibu, shuka isibaki na mkunjo. Yule babu aliyepooza, asiyeweza hata kusema, ulimweleza kila hatua kama baba yako mzazi. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Ulinifundisha pia kuhesabu pumzi mgonjwa asijue, maana akijua anaibadilisha. Mtu mzima aliyetulia, 12 hadi 20 kwa dakika.

Na ile nauli ya kurudi Mikindani uliyonitilia mkononi! Ahsante sana, mama. Nimefaulu, sasa nafanya kazi Newala, na wagonjwa wangu nawageuza kwa wakati.