Barua kwa mwanangu aliyealikwa Pasaka ya Wayahudi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi na wadogo zako hatujambo, alhamdulillahi.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema rafiki unayesoma naye, Myahudi, amekualika kwao usiku wa kwanza wa Pasaka yao, nawe unasita: je, inafaa kwenda, na ukienda utawaambia nini watu wale wakati kila ukifungua simu unakutana na picha za vita? Nenda, mwanangu. Ila kabla hujabisha hodi, nataka ujue unaingia katika sikukuu gani.

Usiku huo wanakumbuka namna Mwenyezi Mungu alivyowatoa Wana wa Israeli katika utumwa wa Firauni kwa mkono wa Nabii Musa. Kisa hicho unakijua tangu madrasa. Hakuna nabii aliyetajwa kwa jina ndani ya Qurani mara nyingi kama Musa. Na ile saumu ya Ashura unayofunga kila Muharram, unakumbuka ilianzaje? Mtume (s.a.w.) alihamia Madina mwaka 622, akawakuta Wayahudi wa mji ule wamefunga. Akawauliza hii ni siku gani. Wakamjibu kuwa ndiyo siku Mungu aliyomwokoa Musa na watu wake akamgharikisha Firauni, na Musa akaifunga kwa kushukuru. Mtume akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akaifunga na akawaamuru watu waifunge. Baadaye, mwaka wa pili wa Hijra, Ramadhani ikafaradhishwa, na Ashura ikabaki suna. Mimi hupenda sana kwamba ibada hii ilianza kwa mtu kumuuliza jirani yake swali na kusikiliza jibu.

Mezani utakuta mkate usiochachwa, mwembamba na mkavu, kwa kuwa walitoka Misri mbiombio, unga haukungojwa kuumuka. Utaona mboga chungu kwa ajili ya uchungu wa utumwa, na bakuli la maji ya chumvi kwa ajili ya machozi. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye huuliza kwa nini usiku huu si kama nyingine, na wakubwa wanalazimika kumjibu. Lakini sikiliza vizuri mwanzoni, kabla ya maswali. Watauinua ule mkate na kutamka, kwa Kiaramu cha kale, kwamba kila mwenye njaa na aje ale.

Hapo ndipo nilipotaka nikufikishe. Sisi nasi hatuendi kuswali Idi mpaka tumeshatoa zaka ya fitri, ili maskini asiamke siku ile akiwa hana cha kupika. Idi Kubwa tunachinja, na nyama inatoka mlangoni kwenda kwa jamaa, majirani na mafukara. Wao wakati wa Purim, sikukuu yao ya kukumbuka walivyonusurika kuangamizwa zamani za Uajemi, wameamrishwa kuwapa maskini zawadi, na aliye maskini naye anatoa. Kwa wao na kwa sisi, furaha ya sikukuu ina sharti, na sharti lenyewe ni mtu mwingine.

Siku yao nzito kuliko zote ni Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Hufunga tangu kabla ya jua kuzama hadi usiku wa pili unapoingia, kama saa 25, bila chakula wala tone la maji. Asubuhi yake husomwa maneno ya Nabii Isaya, ambamo Mungu anawakataa wanaofunga huku wanagombana na kuwaonea wafanyakazi wao, na anasema saumu anayoitaka ni kumgawia mkate mwenye njaa na kumvika aliye uchi. Weka hayo karibu na hadithi uliyoihifadhi mwenyewe: asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake kula na kunywa. Tena wanavyuoni wao wa kale waliandika katika Mishna, mkusanyiko wao wa kale wa sheria, kwamba siku ile hufuta makosa ya mtu kwa Mola wake, lakini kosa la mtu kwa mwenziwe halifutwi hadi amridhishe aliyemkosea. Ndiyo sababu katika siku zinazoanzia mwaka wao mpya hadi siku hiyo, huzunguka wakiombana radhi. Nasi tunafundishwa hivyo hivyo kuhusu haki za waja: utalia usiku kucha juu ya mswala, ya mja mwenzako yatakungoja kwake.

Sikwambii dini ni moja. Tunatofautiana, na kwenye mambo makubwa. Hata kisa cha Nabii Ibrahim, ambacho wao hukisoma mwaka mpya huku wakipuliza pembe ya kondoo dume, kwao mwana aliyelazwa ili achinjwe ni Is'haka, na kwetu wanavyuoni wengi wanasema ni Ismail. Usibishane nao kuhusu hilo mezani. Hata kalenda zetu, zote za mwezi, haziendi pamoja: wao huongeza mwezi mara saba katika kila miaka 19 ili Pasaka isitoke majira yake, sisi hatuongezi, kwa hiyo sikukuu zetu husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mara chache hukutana. Oktoba 4, 2014, wao walikuwa kwenye Yom Kippur na Waislamu wengi wako kwenye Idi Kubwa.

Sasa nije kwenye lile linalokunyima usingizi. Sitakuambia ujifanye huoni. Oktoba 7, 2023, watu waliuawa na kutekwa nchini Israel siku ya Simchat Torah, siku ambayo Wayahudi hucheza wakiwa wamekumbatia Taurati. Ramadhani iliyofuata, Machi 2024, watu wa Gaza waliswali tarawehe kando ya vifusi vya misikiti, wengi wakiwa wameshazika watoto wao. Mimi nawalilia watu wa Gaza na sitachoka kudai haki yao. Nawalilia pia waliouawa siku ile. Qurani inasema Mungu aliwaandikia Wana wa Israeli kwamba anayeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote, na anayeokoa moja ni kama ameokoa wote. Maneno hayo yamo katika Mishna yao pia. Basi tuna hukumu moja, na haisemi nafsi ya nani.

Wapo walioishi kwa hukumu hiyo. Huko Sarajevo, Bosnia, kuna kitabu cha Pasaka, kimeandikwa kwa mkono Hispania karne ya 14, kurasa zake bado zina madoa ya divai iliyomwagika mezani. Wanazi walipoushika mji, Mwislamu Derviš Korkut, mtunza maktaba wa makumbusho, alikificha wasikipate. Yeye na mkewe Servet walimficha pia nyumbani mwao binti wa Kiyahudi, Mira Papo. Mwaka 1994 Yad Vashem, taasisi ya Jerusalem inayowakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ikawatambua kwa hati kwa wema huo. Miaka mitano baadaye, binti wa Korkut alifukuzwa Kosovo kwa vita, na hati ile ya wazazi wake ndiyo iliyomfungulia njia ya kupokelewa Israel.

Kuhusu chakula, usiwe na wasiwasi. Soma Al-Maida aya ya 5: chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na chenu ni halali kwao. Divai watakunywa vikombe vinne. Wewe waombe juisi ya zabibu, wengi huwa nayo. Usiende na mkate, keki wala biskuti hata kidogo, maana nyumba yao yote imesafishwa chachu kwa siku hizo. Matunda au maua yanatosha. Wakizungumza vita, sikiliza kwanza, kisha sema unachokiamini kwa adabu, wala usikifiche.

Wazazi wa rafiki yako wape salamu zangu, uwaambie mama yako anawaombea amani wao na jamaa zao popote walipo. Idi ikifika nawe umwalike. Muulize mapema kama anashika kosher, yaani sheria zao za chakula, kwani nyama yetu huenda isimfae, umwandalie kitu ambacho ataweza kula nanyi bila shida.

Nakupenda sana.

Mama yako