Zoezi la wiki hii: in, on na at

Habari zenu wanakikundi. Nimesikiliza sauti mlizotuma, na wengi bado tunakwama kwenye "in", "on" na "at". Sisi tumezoea -ni yetu inayobeba yote: chumbani, ukutani, mlangoni. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Kitu kikiwa ndani ya mipaka, sema "in the room". Kikigusa uso wa kitu kingine ni "on", ndiyo maana picha ya ukutani ni "on the wall" ingawa haikulalia chochote. "At" ni ya mahali unapopachukulia kama nukta tu: "at the door".

Vyombo vya usafiri ndivyo vinavyotuchanganya zaidi. Ni "on the bus", "on the train", lakini "in the car". Mara nyingi chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on". Baiskeli nayo ni "on", maana unaikalia juu.

Na jamani, mliyekaa naye mkitazamana mezani yuko "opposite" you, si "in front of". Aliyekutangulia kwenye foleni ndiye yuko "in front of you".

Kabla ya Ijumaa jioni kila mmoja atume sauti fupi akieleza vitu vya chumbani mwake vimekaa wapi. Msiandike, semeni. Kusahihishana ruksa, kuchekana hapana.