Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mada, Mwanga na Uhakiki wa Picha Zetu

Ndugu Wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wapiga picha wa Bagamoyo inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama kila mwaka chama kimefanya nini, kimekwama wapi na kinaelekea wapi. Mambo ya fedha na vifaa yamo katika taarifa ya mweka hazina, ambayo kila mmoja wenu amepewa nakala yake, nami sitayarudia hapa zaidi ya kusema kwamba hesabu zimekaguliwa na kwamba wenye ada za nyuma wanajijua. Muda niliopewa nitautumia kwa jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu, nalo ni namna tunavyozitazama na kuzisemea picha za wenzetu, hususan picha za mada ya mwezi na picha za sura za watu.

Wengi mnakumbuka vikao vyetu vilivyokuwa. Picha inaonyeshwa ukutani, watu wananyamaza kidogo, mmoja anasema "mashallah, picha nzuri", wa pili anaitikia, na picha inapita. Adabu ya pwani haituruhusu kumvunja mtu moyo mbele ya wenzake, na adabu hiyo mimi siipingi; lakini mtu aliyeamka alfajiri kwenda kuipata picha ile alikuwa akirudi nyumbani hana alichoongeza, kwa kuwa neno "nzuri" halimwambii arudie nini wala aache nini. Walikuwapo pia wenzetu wachache waliodhani kuhakiki ni kuhesabu kasoro, na ambao swali lao la kwanza lilikuwa picha imepigwa kwa kamera gani, kana kwamba simu haina haki ya kuleta picha kikaoni.

Kamati ikapendekeza utaratibu, nanyi mkaukubali. Anayesimama kusema huanza na mwanga: unatoka upande gani, ni mkali au laini, umeangukia nini na umeacha nini gizani. Kisha hueleza jicho lake lilitua wapi kwanza na likaelekea wapi baadaye, ndipo huzungumzia uhusiano wa picha na mada. Mwenye picha husema mwisho, kwa sababu picha ikishatundikwa ukutani kwa mtu haitakuwa na mpigaji pembeni wa kuielezea. Vikao vimekuwa virefu kuliko zamani, na wapo waliolalamika kwamba wanafika nyumbani chakula kimepoa, lakini kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wenye manufaa zaidi tuliowahi kuufanya.

Kuhusu mada za mwezi, mavuno hayakuwa sawa. Mada ya "Mlango" ilituletea kile tulichokitarajia, yaani milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ikiwa imepigwa mbele kwa mbele, pamoja na milango ya Ngome Kongwe na ya Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, mingi ikiwa safi na karibu yote ikifanana. Wahakiki walisema waziwazi kwamba nakshi ni kazi ya fundi seremala wa zamani na kwamba mpiga picha anapaswa kuongeza chake juu yake. Mwanga wa ubavuni, ule unaopita juu ya mbao kwa mshazari, ndio uliotenganisha picha mbili tatu na nyingine zote, maana nakshi huonekana kwa vivuli vyake, na jua likiipiga mbele kwa mbele hulala bapa. Mada ya "Masika" ilipata picha chache kwa sababu watu walihofia vifaa vyao, hofu ninayoielewa, ingawa mfuko safi wa plastiki uliotobolewa tundu la lenzi unatosha kwa mvua ya kawaida. Picha za ngoma tulizopiga katika ukumbi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, zilituonyesha kwamba taa nyekundu za jukwaani hufuta maumbo ya uso, na kwamba ni heri kuisubiri sekunde ambayo taa zinabadilika kuliko kuhangaika na marekebisho baadaye.

Mada iliyotufundisha zaidi ilikuwa "Kusubiri". Nitaieleza picha moja kwa kirefu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ilipigwa soko la samaki, mchana, jua likiwa karibu utosini. Kina mama wamesimama na mabeseni wakingoja mashua zifike. Wa mbele ameliegemeza beseni lake jeupe la plastiki tumboni, mdomo wa beseni ukielekea juu. Kwa saa ile tulitegemea macho yake yawe yamezama katika kivuli cha paji la uso, kama yalivyo ya wenzake waliosimama nyuma, lakini yake yanaonekana vizuri, na chini ya kidevu pana weupe mwororo. Kijana mmoja wa chama, ambaye kwa kawaida hasemi, aliinuka akasema kwamba mwanga ule unatoka ndani ya beseni: jua limeingia humo, likaakisiwa, likampanda mama usoni. Alikuwa sahihi, na mwenye picha mwenyewe alikiri kwamba hakuwa ameliona hilo alipobonyeza. Mwanachama mwingine, mama mtu mzima, akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo lililoiweka picha ile ndani ya mada: wanawake wote wanatazama upande mmoja, nje ya fremu, na ingawa bahari haimo pichani, kila aliyeitazama alijua ilipo.

Kutokana na beseni lile tulianza mazoezi yetu ya mwanga wa sura, ambayo ndiyo yaliyochukua nusu ya pili ya mwaka. Tulitumia shuka nyeupe, sinia la bati na boksi lililobandikwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula, vitu ambavyo kila nyumba inavyo. Shuka hutoa mwanga mlaini. Sinia hutoa mwanga mkali unaomfanya anayepigwa akunje macho, hivyo hufaa tu likiwa mbali. Tuliona pia kwamba rangi ya kilicho karibu huingia usoni. Aliyekaa chini ya mwembe alitoka na shavu la kijani kidogo, na aliyevaa kanga nyekundu alitoka na kidevu chenye wekundu ambao hakuwa nao. Kuta za nyumba kongwe zilizopakwa chokaa ndizo zilizofaa kuliko vyote, na sioni kwa nini mtu wa Bagamoyo anunue rifekta, kifaa cha kuakisi mwanga, kabla hajatumia ukuta wa jirani yake.

Mji wetu unatazama mashariki, na jambo hili linapaswa kuingia katika hesabu ya kila anayepiga sura ufukweni. Jua huchomoza baharini kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikizidi au kupungua kidogo kulingana na msimu, na kwa kuwa tuko karibu nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Maana yake ni kwamba ikifika saa tatu na nusu jua limeshafika kama nyuzi 45 juu ya upeo wa bahari, na baada ya hapo vivuli vya pua na nyusi huanza kuteremka usoni. Mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, adhuhuri jua hupita karibu utosini kabisa, na anayepiga sura uwanjani saa hiyo bila kivuli wala shuka asishangae akiletewa picha ya mtu mwenye mashimo mahali pa macho. Jioni mambo hugeuka: jua hutua nyuma ya mji, majengo na minazi huutia ufukwe kivuli, na anga pana la upande wa bahari linakuwa taa kubwa laini kwa yeyote aliyeelekezwa huko. Wanachama wanaokimbilia ufukweni jioni kutafuta jua likizama baharini nawaomba radhi kwa niaba ya jiografia.

Ndani ya nyumba tulifanya zoezi la taa moja. Tulianza na mwanga unaoitwa kwa jina la mchoraji wa Kiholanzi Rembrandt, aliyeishi kati ya 1606 na 1669, ambao taa yake huwekwa juu kidogo ya kichwa na upande mmoja, kwa pembe ya takriban nyuzi 45, mpaka kivuli cha pua kikutane na kivuli cha shavu na kuacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Pembetatu hiyo isiwe pana kuliko jicho wala ndefu kuliko pua. Wengi waliipata haraka, kisha wakaipoteza mara tu anayepigwa alipogeuza shingo, na hapo ndipo walipoelewa kwamba kumwelekeza mtu ni nusu ya kazi. Tulijifunza pia kwamba balbu ndogo ikisogezwa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Kwa hiyo anayetaka ukuta wa nyuma uwe giza aisogeze taa karibu na uso, na anayepiga picha ya familia nzima aiweke mbali, la sivyo mtoto wa mbele atawaka na babu atapotea.

Zipo hoja mbili kuhusu ngozi zetu ambazo naomba ziingie katika kumbukumbu za chama. Ya kwanza ni ya kipimo cha kamera. Kipimo hicho huchukulia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na uso wa mvaaji huwa giza. Buibui jeusi likijaa, kamera huongeza mwanga na uso hupauka. Dawa yake ni kupima usoni, na kwa simu ni kugusa uso kwenye kioo kisha kuteremsha au kupandisha mwanga kwa kidole. Hoja ya pili ni kwamba ngozi nyeusi hujieleza zaidi kwa mng'aro kuliko kwa kivuli, kwa hiyo haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi. Inahitaji chanzo kipana kiwekwe ubavuni, kama dirisha au mlango ulio wazi, ili mng'aro utambae juu ya shavu na paji la uso na kuonyesha umbo.

Msidhani tatizo hili ni la uzembe wetu peke yetu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na filamu zenyewe hazikuwa zikitunza vizuri rangi za kahawia. Waliofanikiwa kupaza sauti ikasikika walikuwa, miongoni mwa wengine, watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zitofautiane pichani. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya wanachama bado wanaleta picha zilizopitishwa katika programu za simu zinazong'arisha ngozi, wakiamini kwamba wanamheshimu waliyempiga. Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao picha ya namna hiyo isipokelewe kwenye uhakiki, na naomba mkutano huu uamue.

Tulibishana pia kuhusu kitambaa cha nyuma. Wapo waliotaka pazia jeusi tupu kila wakati. Niliwakumbusha kwamba Seydou Keïta, mpiga picha za sura wa Bamako, Mali, aliyefariki mwaka 2001, alipiga uani kwake kwa mwanga wa mchana, akitundika hata shuka lake la kitandani, na maua ya kitambaa yakikutana na maua ya nguo bila uso kupotea. Kwetu kanga ingefanya kazi hiyo, ila ina jina lake, na msomaji yeyote wa Kiswahili akiona maandishi atayasoma kabla hajautazama uso. Ushauri uliopita ni kuikunja kanga ili jina lisionekane, isipokuwa pale ambapo anayepigwa ameichagua mwenyewe kwa sababu ya jina hilo.

Kuhusu ruhusa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba kinachomtambulisha mtu hakichukuliwi na kutumiwa kiholela. Mvuvi aulizwe kwanza, mzazi aulizwe kwa niaba ya mtoto, na aliyekubali kupigwa aletewe nakala yake, ahadi ambayo baadhi yetu huitoa kwa wepesi na kuitimiza kwa shida. Mwenzetu mmoja naye alikuta picha yake katika tangazo la wafanyabiashara fulani bila kuombwa. Suala hilo linaendelea kuzungumzwa na sitalitolea maneno zaidi leo.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mada chache kuliko mwaka huu, kila moja ikae miezi miwili, ili mwezi wa kwanza uwe wa kuleta na kuhakikiwa na wa pili wa kurudia picha ileile baada ya kusikia wenzako wamesema nini. Ya kwanza itakuwa "Fundi", na tutaanza kwa wale wanaotia kalafati mashua ufukweni, asubuhi, kabla ya saa tatu na nusu. Wenye mashuka meupe wayabebe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti